Drone, Super Custom au Coaster: nigeuze ipi iwe nyumba ya safari?

MsafiriNdeeba:
Poleni na kazi, wakubwa. Nataka gari la kulala ndani, yaani nyumba yenye magurudumu: kitanda, jiko, taa, friji ndogo. Nimekwama kati ya tatu. Kuna Super Custom ya jirani (Toyota HiAce ya zamani), kuna drone, ile HiAce ya umbo jipya, iliyostaafu teksi hapa Kampala (miraba ya buluu ya teksi bado iko ubavuni), na kuna Coaster fupi ambayo mtu ameniambia iko Nansana. Nimeahidi kutoa jibu kabla ya Jumamosi. Ipi bora?

Turbo1KZ:
Super Custom. Mengine ni kelele tu.

FundiKatwe:
Ssebo, umeuliza kiatu kipi bora bila kutuonyesha mguu. Mko watu wangapi? Urefu wako je? Pesa ni ya gari peke yake au pamoja na kazi ya fundi? Unakwenda wapi, Jinja Jumapili kurudi jioni, au hifadhi ya Kidepo kule kaskazini wiki mbili? Gari lenyewe ni petroli au dizeli? Jibu hayo kwanza.

BaridiYaKabale:
Na utapikia ndani au nje? Hilo linabadilisha kila kitu.

Turbo1KZ:
Fundi, huyu amekuja kununua gari, si kuomba pasipoti. Super Custom yenye injini ya 1KZ ni lita 3.0, dizeli, ina turbo, na nyuma ina springi za koili, kwa hiyo mtoto analala njiani bila kurushwa. Zipo za kuvuta magurudumu yote manne. Viti vinakunjwa vinakuwa kitanda hata kabla hujamwita seremala. Mimi ninayo mwaka wa tisa huu.

FundiKatwe:
Wewe unayo mwaka wa tisa, lakini yenyewe ina mwaka wa ngapi? Sheria ya Uganda ya 2018 ilifunga mlango wa kuingiza nchini magari yaliyopita miaka 15, na Super Custom ziliacha kutengenezwa 2004. Maana yake kila utakayoiona leo ni zile zilizokwisha ingia zamani, zimepita mikono minne mitano. Na hiyo 1KZ ikichemka mara moja tu kwenye mlima, kichwa cha injini kinapasuka. Muulize yeyote pale soko la vipuri la Kisekka anauza vichwa vingapi.

Turbo1KZ:
Inachemka kwa sababu watu wanaweka maji ya bomba kwenye rejeta. Injini haina kosa.

MsafiriNdeeba:
Samahani, nilikuwa kazini. Tuko watatu: mimi, mke wangu na binti wa miaka sita. Urefu wangu ni sentimita 178. Nina milioni 42 kwa vyote, gari na kazi. Drone ni petroli, Super Custom ni dizeli. Ya Coaster sijaiona kwa macho.

FundiKatwe:
Bado hujasema unakwenda wapi.

MamaJinja:
Mwanangu, kabla hujanunua hiyo drone ngoja nikusimulie yetu, maana sisi tulianza hivyohivyo.

Tulinunua drone ya paa la kawaida. Kutoka sakafuni hadi darini ni kama mita 1.3, kwa hiyo na urefu wako huo utavaa suruali ukiwa umelala. Hata ile pana yenye paa la juu ni mita 1.6 na kidogo tu. Tukasema tutazoea, na kweli mgongo ulizoea. Kilichotushinda ni uzito.

Fundi wetu (simtaji, bado tunasalimiana kanisani) alikuwa anapenda mbao kuliko watu. Akajenga kabati zote kwa mvule. Nzuri kweli, ukipitisha mkono unasikia raha. Kisha akaweka tangi la maji la lita 200 nyuma kabisa, upande wa dereva, kwa kuwa huko ndiko kulikobaki nafasi. Mume wangu akamuuliza kama gari halitalemewa. Akacheka: “Mzee, gari hili lilikuwa linabeba watu 14 kila siku, litashindwa na kabati?”

Maneno yakatuingia. Hatukufikiri kwamba abiria hukaa wamegawanyika gari zima, na jioni huteremka. Kabati haliteremki. Na maji lita 200 ni kilo 200, yote kona moja, nyuma ya ekseli.

Tulifika Kabale salama. Kesho yake tukaelekea Kisoro. Kwenye zile kona za Kanaba nikawa nasikia maji yanagonga ndani ya tangi, pwaa huku, pwaa kule, na gari linafuata maji badala ya usukani. Fundi hakuweka vizuizi ndani ya tangi, ni kama pipa tu. Tukiteremka upande wa pili nikasikia mlio kama bunduki. Springi ya nyuma kulia, jani kubwa, limekatika. Bodi ikakaa juu ya tairi, moshi wa mpira ukajaa ndani. Tulilala pale pale kando ya barabara, mlango wa kutelezesha umekwama, tukiingia na kutoka kwa dirisha. Asubuhi vijana wa kijijini walitusaidia kumwaga maji kwa jagi. Kwa jagi! Lita mia mbili.

Siku hizi tuna jerikeni nne za lita 20, mbili kila upande, mbele ya ekseli. Kabati ni za plaiwudi nyembamba. Ule mvule ni meza sebuleni.

BaridiYaKabale:
Pole sana nnyabo. Hapo Kanaba na baridi ile, bila shaka hamkusahau usiku huo.

Na hapo ndipo nilipouliza habari ya kupikia. Huku kwetu ni juu ya mita 1,800, usiku mtu anatamani kuingiza sigiri ndani ya gari ajipashe moto. USIFANYE. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, unalala na huamki. Gesi nayo ifungwe nje au kwenye sanduku lenye tundu chini, maana gesi ya mtungi ni nzito, huenda sakafuni. Baridi inatibiwa na blanketi. Na acha dirisha wazi kidogo hata mvua ikinyesha, pumzi za watu watatu usiku kucha zinageuka maji kwenye mabati, mwezi wa pili godoro linaota ukungu.

MsafiriNdeeba:
Asante mama, umenitisha vizuri. Friji je? Mke wangu amesema bila friji haendi.

NjiaYaKidepo:
Friji ni anasa. Kila mji una soko, kila stendi ina rolex (chapati na mayai). Utahifadhi nini? Samaki wa Pakwach unamla Pakwach.

FundiKatwe:
Mwache mwenye mke. Hesabu ni hii. Friji ndogo ya volti 12 yenye kompresa hula kama wati 45 ikizunguka, na haizunguki muda wote. Kwa joto la kaskazini weka wati-saa 500 kwa siku. Betri ya asidi ya 100Ah ina 1,200, lakini ukipita nusu kila siku unaiua, basi ni 600, na taa bado. Lithiamu ya ukubwa huohuo unaitumia karibu yote. Paneli ya wati 200 juu ya paa inatosha siku ya jua, na sisi tuko kwenye ikweta, ilaze bapa tu, usihangaike kuiinamisha kama Wazungu. Fyuzi iwe karibu na BETRI, si karibu na friji. Waya unaoungua ni ule usio na fyuzi mbele yake.

Mgeni254:
Salamu kutoka Eldoret. Hapa kwetu mtu angechukua Prado na hema la juu ya paa, basi. Mkivuka mpaka msisahau bima ya Comesa, ile kadi ya njano. Na mkiingia Rwanda kupitia Katuna kumbukeni kule gari huendeshwa mkono wa kulia.

Turbo1KZ:
Prado kwa milioni 42 pamoja na hema? Mgeni unaota.

NjiaYaKidepo:
Na mtoto wa miaka sita apande ngazi saa nane usiku kwenda kukojoa, Kidepo, kwenye simba? Bora Coaster. Unasimama wima, kitanda cha mtoto kinakaa kivyake, na injini yake ya 1HZ haina kompyuta ya kukusumbua.

FundiKatwe:
Coaster fupi ni mita 6.25. Bonde la Narus huko Kidepo mvua ikinyesha ule udongo mweusi unashika kama gundi. Ikizama utaitoa na nani, na hao simba?

NjiaYaKidepo:
Kwani drone inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu ndiyo haizami?

Mgeni254:
Kwa pesa yake angetafuta Toyota Regius.

Turbo1KZ:
Regius ipi? Regius na Regius Ace si gari moja. Regius ina pua mbele, iliisha 2002. Regius Ace ni hiyo drone yenyewe, jina tu.

Mgeni254:
Wauzaji wote wanaziita Regius.

Turbo1KZ:
Wauzaji pia wanasema haijawahi kugongwa.

MamaJinja:
Hiyo miraba ya buluu uifute kabla ya safari ya kwanza. Yetu ilikuwa nayo mwezi mzima. Lukaya tuliposimama kununua nyama choma, watu wawili waliingia na mizigo yao, wakakaa kitandani. Mmoja aliuliza nauli ya Masaka.

MsafiriNdeeba:
😂😂 Mkwe wangu naye amesikia habari za gari, anasema anataka kuja. Kwa hiyo huenda tuko wanne.

FundiKatwe:
Sasa ndiyo unasema? Futa hesabu zote. Na WAPI?

MsafiriNdeeba:
Kwanza maporomoko ya Sipi, mwezi wa nane shule zikifungwa. Kidepo labda baadaye. Kesho asubuhi naenda Nansana kuiona hiyo Coaster.

FundiKatwe:
Lala chini yake na tochi. Piga picha chesisi, karibu na ekseli ya nyuma na chini ya mlango, ulete hapa. Usimpe mtu hata shilingi.

Turbo1KZ:
Na ile Super Custom ya jirani, kama huichukui, niambie bei inboksi.