Batamaji wanagonga waya karibu na daraja, tufanyeje?

Mtembea Kingoni:
Habari wadau. Mto wetu una batamaji, wale weupe wenye shingo ndefu. Kando tu ya daraja nyaya za umeme zinavuka mto. Asubuhi zenye ukungu nimeshakuta zaidi ya mmoja chini yake, bawa limevunjika karibu na bega, miguu mizima kabisa. Daraja ni kubwa, huwezi kusema hawalioni. Jirani anashauri tuombe taa kali juu yake. Mnaonaje?

Shingo Ndefu:
Pole sana. Nasaidia kuokoa ndege wa maji, na mvunjiko huo naufahamu. Mara nyingi daraja halina kosa. Ndege akiliona hupanda ili alivuke, na huko juu ndiko anakokutana na waya. Dume mkubwa hufika kilo 10 au 12, mabawa yakinyooshwa yanapita mita 2. Huyo hakati kona ghafla kama mbayuwayu. Tena macho yake yako pembeni mwa kichwa, waya mwembamba ulio mbele yake anauona akiwa ameshaufikia.

Taa kali mimi nazipinga. Kwenye ukungu zinatandaza weupe tu na kumchanganya zaidi. Daini alama kwenye nyaya: springi za plastiki zinazosokotwa juu ya waya, au visahani vinavyoning'inia na kuchezacheza upepo ukivuma. Watu wa umeme waanzie waya wa juu kabisa, ule mwembamba wa kukinga radi. Ndege huziona nyaya nene za chini, anainuka kuzikwepa, anaupiga ule.

Mtembea Kingoni:
Watu wa umeme watakubali kweli? Na sisi wenyewe tuna la kufanya?

Shingo Ndefu:
Usiende mikono mitupu. Piga picha ndege alipoangukia, nguzo ikionekana, uandike tarehe, saa na hali ya hewa. Wakumbushe kwamba ndege akigusa nyaya mbili kwa mpigo umeme unaweza kukatika. Hilo linawagusa kuliko huruma.

Ninyi acheni kuwalisha karibu na daraja, na wengine muwaombe hivyo hivyo. Batamaji hapai papo hapo, hukimbia juu ya maji makumi ya mita akipiga mabawa. Akianzia mkabala na nyaya, anazifikia kabla hajapata kimo. Wahamishieni chakula mbali, penye maji mapana. Na msithubutu kufunga kitu kwenye waya wenyewe!

Dereva wa Usiku:
Mimi nilimkuta mmoja ametua katikati ya daraja, mvua imenyesha, lami inang'aa. Kakaa tu, magari yanampita huku na huku. Mtu afanyeje?

Shingo Ndefu:
Alidhani ni maji. Kingo zikimbana pande zote hana pa kukimbilia apae. Washa taa za tahadhari, mwenzako asimamishe magari, wewe mfunike koti kichwani, yabane mabawa yake mwilini na umbebe kwapani. Usimrushe mtoni hata akionekana mzima, maana kutua kwa kishindo kwenye lami huumiza miguu na kifua. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Mtembea Kingoni:
Asante. Picha ninazo, barua naandika Jumatatu.

Shingo Ndefu:
Taja na namba ya nguzo. Bila hiyo watakuuliza ni nguzo ipi, na barua itakaa mezani.