Vizimba vya sato Ziwa Victoria: vinachafua maji au tunavisingizia?

Mleta mada
Wakuu, habari za jioni. Kijijini kwetu, pembeni ya ghuba ya Mwanza, kikao cha wiki hii kimegawanyika. Wengine wanataka vizimba vipya vya sato, zile nyavu za kufugia samaki humohumo ziwani, visimamishwe kwa kuwa vinachafua ziwa, wengine wanasema tunaziba riziki za vijana. Jana alfajiri nilichota ndoo ya maji mwaloni nikaiacha barazani. Kufika saa nne, juu yamefunga utando wa kijani kama rangi ya geti. Huo ukijani ni wa vizimba, au tumevivamia kwa sababu ndivyo vinavyoonekana?

Msimamo wangu nauweka mapema: vizimba vina kosa, ila si hilo mnalolisema.

Mvuvi wa dagaa
Kwani hapo pana swali, mkuu? Mwenye kizimba anamwaga chakula asubuhi na jioni. Apate kilo moja ya sato, ametupa majini kilo moja na nusu, wengine mpaka mbili. Samaki anakula na kunya humohumo. Wewe choo chako umekielekeza kisimani?

Mfugaji wa sato
Kaka, usinichekeshe. Gugumaji, jani linalostawi kwenye maji yenye uchafu, liliingia ziwa hili kwenye mwaka 1990 hivi. Kizimba changu kilikuwa wapi? Mimi mwenyewe nilikuwa nabebwa mgongoni. Kasimame kwenye daraja la Mto Mirongo, unaopita katikati ya jiji la Mwanza, mvua kubwa ikishakatika, utazame kinachopita pale kinaelekea wapi, halafu rudi unihesabie mifuko yangu ya chakula cha samaki.

Mwalimu wa baiolojia
Ndugu zangu, tuanze na kinachoyafanya maji yawe kijani. Mwaka 1973 watafiti wa Kanada waligawa ziwa dogo mara mbili kwa pazia la plastiki. Pande zote mbili waliweka kaboni na naitrojeni, upande mmoja wakaongeza fosforasi, kirutubisho kilichomo pia kwenye mbolea. Huo wa fosforasi ukawa kijani, wa pili ukabaki na maji yake safi. Sababu ni kwamba kuna vijimea vya majini vinavyojichotea naitrojeni hewani. Fosforasi haimo hewani kwa namna hiyo, lazima iletwe.

Kwetu huletwa na maji taka ya miji, na udongo unaoshuka na mito kama Simiyu, Mara na Kagera, na hata vumbi na moshi wa mapori yanayochomwa, vinavyotua juu ya maji. Usidharau hicho cha mwisho. Ziwa lina kilomita za mraba 68,800 hivi, ni sinia kubwa la kupokea majivu.

Na madhara yake hayaishii kwenye rangi. Miaka ya 1990 hapohapo ghuba ya Mwanza watafiti waligundua kwamba maji yakiwa machafu, majike ya furu, wale samaki wadogo wa aina nyingi, hayazioni vizuri rangi za madume, yanapandana na aina nyingine, na aina zinachanganyikana mpaka zinapotea. Tumezoea kumlaumu sangara peke yake kwa kuwala furu.

Mkulima wa Bunda
Naona mnasogea taratibu kuelekea shambani kwangu! Mbolea ya dukani mfuko mmoja tunagawana watu wawili. Hiyo ya kuchafua ziwa tutaipata wapi?

Mwalimu wa baiolojia
Shikamoo mzee. Sisemi mbolea ya dukani. Fosforasi inashikamana na udongo wenyewe. Shamba likilimwa mpaka ukingoni mwa mto, mvua ya kwanza inaondoka na tope, na tope ndilo mzigo.

Mkulima wa Bunda
Marahaba. Hapo umenishika kidogo.

Mleta mada
Sasa niseme kosa la vizimba ninaloliona mimi. Ziwa lote kina chake kwa wastani ni mita 40, lakini vizimba vyetu vimebanana kwenye vighuba unapogusa chini kwa upondo. Pale maji hayatembei. Mabaki yanazama, yanaoza, na kuoza kunakula oksijeni. Siku upepo ukivuruga, maji ya chini yasiyo na hewa yanapanda, na sato aliye ndani ya wavu hana pa kukimbilia. Mwishoni mwa 2022 upande wa Kisumu samaki wa vizimbani walikufa kwa wingi. Wapo waliotaja upungufu wa oksijeni, wapo waliotaja maji taka. Kwangu hayo mawili ni baba na mtoto.

Kwa hiyo mfugaji anadhani anatetea riziki yake, kumbe anajiwekea sumu mlangoni. Visizuiwe, visogezwe kwenye maji marefu.

Mfugaji wa sato
Maji marefu rahisi kuyataja, kaka. Kule mawimbi ya usiku yanapinda mabomba. Kinahitajika kizimba cha chuma, nanga nzito, boti yenye injini, mafuta ya kila siku na mlinzi wa kulala humo. Mimi nalisha kwa kasia, nina vizimba viwili na mkopo. Mkisema visogezwe, mwenye vizimba hamsini atasogea kesho. Mimi je?

Mvuvi wa dagaa
Na huko kwenye maji marefu ndiko tunakotega taa zetu. Mkija huko, sisi twende wapi?

Mleta mada
Hilo la taa sikulifikiria, nakiri. Kikao kingine ni Jumamosi, naombeni mje wote wawili.