Osteopathia ya fuvu: ni msokoto au mkengeuko wa kando?

Mwanafunzi, Kisumu
Ninasomea tiba ya viungo hapa Kisumu, na jioni tunajizoeza mbinu za osteopathia ya fuvu, yaani tiba ya kushika kichwa kwa mikono, ambazo mwanzilishi wake William Garner Sutherland alizichapisha Marekani mwaka 1939. Juzi mwenzangu alilala chali, nikamshika kichwa kwa viganja viwili, vidole vya shahada vikiwa kwenye mabawa makubwa ya sfenoidi, mfupa ulio nyuma ya macho unaojitokeza kwenye vipaji vya kando, na vidole vya mwisho kwenye mfupa wa kisogo. Nilihisi vidole vyote viwili vya shahada vikivutwa kushoto, nikaandika "msokoto wa kushoto". Mkufunzi alisahihisha: "mkengeuko wa kando, kulia." Kulia kumetoka wapi?

Mtaalamu wa viungo, Nakuru
Ndugu, katika msokoto mifupa hiyo miwili huzunguka kinyume kwa kinyume juu ya mhimili mmoja unaotoka mbele kwenda nyuma, kama mikono inavyofanya inapokamua shuka. Ungehisi kidole kimoja cha shahada kikipanda na cha pili kikishuka, na jina lingefuata upande wa bawa lililopanda. Katika mkengeuko wa kando mihimili ni miwili, imesimama wima, na mifupa yote huzunguka kuelekea upande mmoja. Jina hapo hufuata kitako cha sfenoidi, yaani sehemu yake ya nyuma inayopakana na kisogo ndani ya fuvu, ambacho hukigusi kabisa: kitako kikienda kulia, sehemu ya mbele, yenye mabawa uliyoyashika, huelekea kushoto. Bila shaka viganja vyako vililala mshazari, kama msambamba.

Mhudumu wa watoto, Kakamega
Hivyo ndivyo mfumo unavyofundishwa, lakini nisingempangia mtu mzima tiba kwa kuutegemea. Kiungo kati ya sfenoidi na kisogo ni gegedu utotoni, kisha hugeuka mfupa mtupu katika ujana; tena wapimaji wawili wakishika kichwa kimoja, mara nyingi hawaafikiani. Akiletwa kwangu mtoto mchanga ambaye kisogo kimebapa upande mmoja na sikio la upande huo limesogea mbele, kwanza natazama kama shingo inageuka sawasawa pande zote mbili, kisha namuuliza mama jinsi anavyomlaza. Nikishuku mshono (kiungo kati ya mifupa ya fuvu) uliofunga mapema, nampeleka kwa daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo.

Mwanafunzi, Kisumu
Ahsanteni, wakubwa. Viganja vililala mshazari kweli. Leo tumemshika mwenzetu yuleyule watu watatu kwa zamu, bila kuambiana: wawili tumeandika mkengeuko wa kulia, wa tatu akaandika msokoto. Mwenye kichwa anasema hahisi lolote.