Naomba ushauri: BMW 650i kupe ya 2006, nichukue manuali, SMG au otomatiki?

Mwenda_Masafa

Wakuu habari za jioni. Naomba mnisaidie kabla sijatoa hela. Niko Birmingham, natafuta BMW 650i kupe (bodi ya E63), ile V8 ya lita 4.8. Nimepata tatu za 2006, zote usukani kulia:

1. Otomatiki, maili 88,000. Kitabu cha sevisi kimejaa mihuri ya injini, gia boksi haijaguswa.
2. Manuali gia 6, maili 71,000, klachi bado ile ya kiwandani.
3. SMG, maili 64,000, na ndiyo ya bei ya chini kuliko zote.

Siku za kazi ni maili 9 kwenda na 9 kurudi, foleni tupu. Likizo ndiyo safari zenyewe: Scotland mara mbili kwa mwaka, na kiangazi nivuke hadi kusini mwa Ufaransa. Miaka mitatu minne ijayo nataka niipeleke Dar. Mke wangu naye ataiendesha. Moyo unataka manuali. Mnasemaje?

Fundi_Sampo

Mkuu, namba 3 iache hapohapo ilipo. SMG siyo otomatiki. Ni gia boksi ya manuali na klachi ya manuali, ila kazi ya mguu wako imepewa pampu ya haidroliki. Pampu ikichoka au relei yake ikigoma, presha haipandi, gia haiingii, na gari inalala ilipo hata kama injini ni nzima. Kwenye foleni inakula klachi kama manuali, tofauti ni kwamba huna pedali ya kukuambia imefika wapi. Ile bei ya chini haikuja bure.

Kati ya 1 na 2 nitarudi nikimaliza kazi.

Bi_Usukani

Kabla ya vyuma: leseni ya shemeji ikoje? Kama mtihani aliufanyia kwenye otomatiki, nyuma ya kadi, safu ya 12, kutakuwa na namba 78. Mwenye 78 haruhusiwi manuali barabarani, na likitokea la kutokea bima itakuwa na la kusema. SMG angeruhusiwa, kwa sababu wanachoangalia ni kama pedali ya klachi ipo.

Klachi_Nzito

Mimi niko upande wa moyo wako. Torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 490 kwenye gari la safari ndefu maana yake hukimbizani na gia: unaweka ya tatu unaingia kwenye milima ya Glencoe, unaisahau, na hakuna kompyuta inayopandisha gia katikati ya kona. Gia boksi yenyewe ni sugu, oili yake haifiki lita 2. Kinachokufa ni vinavyoizunguka, kwa hiyo ukienda kuiona anza hivi.

Iache nutro, injini ikinguruma bila resi, pedali juu. Ukisikia mlio kama kokoto kwenye mkebe, halafu ukikanyaga klachi ukakatika, ile flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) ya vipande viwili springi zake zimelegea. Mlio ukitokea pale unapokanyaga, hiyo ni beringi ya klachi. Kisha barabarani: gia ya nne, resi 2,000, kanyaga mafuta mpaka chini. Mshale wa resi ukiruka na spidi ikabaki nyuma, klachi imekwisha, usibishane na muuzaji.

Ukifikia kuibadilisha usidanganywe na sahani peke yake. Gia boksi ikishashuka, fungeni flaiwili mpya na bolti zake mpya (ni za kutumika mara moja), beringi ya klachi, ile beringi ndogo ya nyuma ya krenki na sili ya krenki, na muikague raba ya propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma). Klachi hizi zinajirekebisha zenyewe, na zinafungwa kwa kifaa cha kuibana kwanza ile pete ya marekebisho. Fundi akiikaza kwa bolti tu, pete inaruka hatua siku ileile, na gari inatoka gereji na pedali ya ajabu.

Halafu kuna kivalvu kidogo kwenye paipu ya klachi, karibu na silinda ya chini, kinachopunguza mwendo wa mafuta ya haidroliki. Hicho ndicho kinachofanya ya kwanza kwenda ya pili itikise kichwa hata kwa dereva mzuri. Watu wameshabadilisha klachi nzima kwa kosa la kivalvu.

Bi_Usukani

Klachi_Nzito sikupingi kwenye milima, ila safari yake nyingi ni motawei. Gia ya sita ya otomatiki yake, iliyotengenezwa na ZF, ina uwiano wa 0.69 (namba ikiwa ndogo, injini inazunguka polepole zaidi kwa spidi ileile). Ya sita ya manuali iko kama ya tano ya ZF, 0.87. Kutoka Calais hadi Lyon masikio na tenki vyote vitaiona hiyo tofauti. Na kwenye milima, lever ya otomatiki inasukumwa kushoto: ukisukuma mbele inashusha gia, ukivuta nyuma inapandisha. Kwenye mteremko mrefu unashusha mpaka ya tatu na injini inashika gari, breki zinapumzika.

Fundi_Sampo

Nimerudi. Hoja za Klachi_Nzito ni za kweli zote, ila mwenye uzi ametaja Dar, na hapo ndipo ninapogeuka.

Otomatiki ya gari hii ni ZF 6HP26. Familia hiyohiyo iko kwenye Discovery 3, Range Rover Sport, X5 na BMW za siriazi 5 na 7 za miaka ile. Dar na Nairobi zimejaa hizo gari, kwa hiyo oili, sili na mafundi walioifungua vipo. Flaiwili ya V8 ya manuali utaiagiza Ujerumani na gari itakungoja juu ya mawe. Watu wanaogopa otomatiki kwa sababu ina umeme ndani, kumbe kwa upande wa vipuri ndiyo mwenyeji wetu. Angalizo moja: usije ukauziwa mekatroniki (kile kipande cha ndani chenye kompyuta na valvu za gia) ya Discovery ukiambiwa "ni moja tu". Programu zake haziendani.

Mzee_wa_Thika_Road

Boss, na ukibadilisha mawazo useme Mombasa badala ya Dar, sahau. Kenya mwisho ni miaka 8. Tanzania inaingia, ila kuna ushuru wa uchakavu juu ya ule wa kawaida. Piga hesabu hiyo kabla ya kuhesabu klachi.

Mwenda_Masafa

Nimegeuza kadi ya mke wangu. 78 ipo.

Basi manuali imejitoa yenyewe, nitaililia kimyakimya. Sasa nahofia namba 1. Muuzaji anasema oili ya gia boksi ni ya maisha, haibadilishwi. Na kuna jamaa ameniambia nikiibadilisha kwenye maili 88,000 ndiyo naiua. Nani mkweli?

Fundi_Sampo

Hakuna. ZF mwenyewe aliyeitengeneza anataka oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au miaka 8, chochote kitakachotangulia. Hiyo yako ina kama kilomita 141,000. Ile hadithi ya "ukibadilisha inakufa" inatokana na magari yaliyopelekwa gereji yakiwa tayari yanateleza. Yanabadilishiwa oili, yanakufa wiki inayofuata, lawama inaenda kwa oili. Kinachoweza kudhuru kweli ni kuisafisha kwa mashine ya presha. Hiyo usikubali.

Kwanza ipime kabla ya kununua. Kwenye spidi ya kilomita 60 hadi 80 kwa saa, mguu mwepesi, tazama mshale wa resi. Ukicheza juu chini huku gari inatetemeka kama inapita juu ya matuta madogo, ile klachi ya ndani ya torki konvata (kiungo cha oili kati ya injini na gia boksi) inateleza, na oili peke yake huenda isiiponye. Ukikaribia kusimama ukahisi kama mtu amekugonga kwa nyuma inaposhuka ya pili kwenda ya kwanza, mara nyingi ni sili zilizokauka kati ya mekatroniki na bodi ya gia boksi: presha inavuja ndani. Hiyo inatengenezeka. Chini ya gari, chungulia pale soketi ya waya inapoingilia gia boksi. Kuna mkono wa plastiki wenye sili za raba, ukichoka oili inachuruzika hapo na kuteremka kwenye sampo (trei ya oili ya chini ya gia boksi), na wengi wanalaumu sampo.

Ukiinunua, kazi yenyewe iko hivi. Gari ilale sawa kabisa, siyo pua juu. Bolti ya kujazia ifunguliwe kwanza, kabla ya ile ya kumwagia. Ikigoma, angalau hujabaki na gia boksi tupu kwenye lifti. Mwaga, na pima kilichotoka: zitatoka kama lita 5 hadi 6 kati ya 9 na kitu, nyingine zinabaki kwenye konvata. Sampo ni ya plastiki na filta imo humohumo, haitenganishwi, unatupa yote. Usirudishe ya zamani, inapinda kwa joto na haitazuia tena.

Hapo ikiwa wazi ndipo pa kumalizia: chomoa ule mkono wa soketi, shusha mekatroniki kwa kulegeza bolti zenye vichwa vipana tu, ubadilishe sili ya daraja (ile ya kati ya mekatroniki na bodi) na vile vibomba vinne vya raba. Vipuri vyenyewe ni vya bei ndogo. Ubahili wa hapa unakurudisha chini ya gari mara ya pili.

Sampo mpya inakazwa kwa Torx T40, kuanzia katikati kwenda nje kwa kupishana, Nm 10 kwa bolti za chuma. Tumia spana ya toku, maana plastiki haipendi mkono wa fundi mwenye hasira. Oili ni ZF Lifeguard 6 au inayolingana nayo kwa maandishi, siyo Dexron, oili ya kawaida ya otomatiki, ya dukani. Nunua lita 7. Jaza injini ikiwa imezimwa mpaka imwagike, washa, endelea kujaza, pitisha R na D sekunde kadhaa kila moja, kisha subiri oili ifike nyuzi 40 kwenye kompyuta. Ikitoka kama uzi mwembamba, funga. Ikizidi 50, zima uache ipoe, maana oili ya moto inavimba na utaifunga ikiwa imepungua. Mwisho futa kumbukumbu za gia kwa kompyuta ili ijifunze upya.

Rudia kumwaga baada ya maili 1,000 hivi. Mara ya kwanza unapata karibu asilimia 60 mpya, ya pili unavuka 80.

Moshi_wa_Buluu

Mnajadili gia siku nzima na hakuna aliyeitaja injini. N62, yaani V8 ya gari hiyo, ina sili za valvu zinazokauka na bomba la maji la katikati ya V linalovuja. Hivyo viwili vinaweza kumeza hela kuliko gia boksi. Ikishapata moto, iache ingurume dakika 15 bila kuigusa, kisha mtu apige resi ukiwa nyuma. Wingu la buluu, ondoka. Bomba la maji likivuja, maji yanatokeza kwenye kijitundu mbele ya injini, na kuna bomba la kurefuka linalofungwa bila kuvua kava za mbele. Kama muuzaji ana risiti ya hilo, bei yake ina haki.

Na betri. Umeme ukishuka, gia boksi inaandika makosa ambayo haina.

Mwenda_Masafa

Nimeandika yote. Naenda Jumamosi saa nne asubuhi. Muuzaji amesema ataipasha moto kabla sijafika ili "tusipoteze muda".

Fundi_Sampo

Mpigie leo umwambie asiiwashe. Ukifika weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ya baridi, washa wewe, weka D, uhesabu: gari ishike ndani ya sekunde moja. Kisha R, vilevile. Ukikuta boneti ya moto, mwambie utarudi Jumapili.