Majirani wa Rau, Moshi: nyumba kabla ya wageni wa Desemba

Mama Careen: Hamjambo majirani. Mzee Lema, shikamoo. Desemba watoto na wajukuu wanakuja kutoka Dar, na nyumba haitazamiki. Ukuta wa nje rangi inabanduka kuanzia chini hadi usawa wa goti, nondo za madirisha zina kutu, sebule ina giza. Nina laki tano. Nianze na nini?

Mzee Lema: Marahaba mama. Usinunue rangi bado. Hapo chini inapobanduka, ukiweka kiganja unapata unga mweupe?

Mama Careen: Ndiyo, kama chumvi. Na udongo mwekundu umerukia ukuta mzima wa nyuma.

Baba Junior: Hapo chini piga rangi ya mafuta ya kahawia, mkanda wa nusu mita. Tope likiruka unafuta tu.

Fundi Elia: Baba Junior, mkanda ni mzuri ukuta ukiwa mkavu. Huu una maji ndani. Rangi ya mafuta inaziba, maji yakitaka kutoka yanaisukuma, inavimba malengelenge na kubanduka vipande vipande. Atapaka leo, masika ijayo atapaka tena.

Mzee Lema: Hiyo chumvi inaletwa na maji yanayopanda kutoka ardhini au yanayorushwa na matone ya paa. Mama, gata ipo upande wa nyuma?

Mama Careen: Mbele tu.

Mzee Lema: Basi tatizo lako la kwanza ni hilo. Maji ya bati yanadondoka mguuni mwa ukuta, yanachimba mfereji, yanarusha tope. Pesa ya kwanza iende huko. Fanya hivi: udongo ulioegemea ukuta uondoe mpaka uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15. Mara nyingi watu wanajaza bustani mpaka udongo unapita usawa wa sakafu, halafu wanashangaa ukuta wa chumbani una ukungu. Kisha mwaga zege kuzunguka, upana sentimita 60, unene 7 na nusu, ishuke sentimita 2 kutoka ukutani kwenda nje. Ndoo moja ya simenti, mbili za mchanga, nne za kokoto. Upande wa mita 10 unakula mifuko 3 ya simenti. Kata kiungo kila mita moja na nusu, usipokata itajikata yenyewe kwa nyufa. Mwagilia siku 7.

Mama Careen: Mzee, zege nyumba nzima sitaweza.

Mzee Lema: Basi zege upande wa nyuma tu. Kwingine chimba mfereji wa kina sentimita 15, upana uleule wa 60, ujaze kokoto. Tone likiangukia kokoto halirushi tope. Na gata ikipatikana hata ya upande mmoja, iweke hapo nyuma.

Fundi Elia: Sasa plasta. Gonga kwa nyundo ndogo, inapolia kama debe tupu bandua yote, mpaka sentimita 30 juu ya alama ya unyevu. Chumvi isugue kwa brashi kavu. Usioshe kwa maji, chumvi inayeyuka na kurudi ndani. Acha ukuta upumue wiki moja mbili, ndipo piga plasta mpya, simenti 1 kwa mchanga 4, mchanga uliochekechwa. Halafu subiri wiki 4 kabla ya rangi. Simenti mbichi ina ukali wake, inaunguza rangi inakuwa na mabaka.

Mama Careen: Wiki 4!

Fundi Elia: Leo ni mwanzo wa Septemba. Ukibandua wiki hii, Oktoba katikati unapaka rangi vuli haijachanganya. Ndiyo maana nasema anza na plasta, nondo na sebule vifanyike wakati unasubiri.

Baba Junior: Kwenye vishimo vya ukuta wa nje ajaze jipsamu?

Fundi Elia: Hapana! Jipsamu ni ya ndani. Nje ikinyeshewa inalainika na kudondoka na rangi yake. Nje tumia putii ya simenti nyeupe.

Dada Upendo: Tuhamie sebuleni jamani. Mama Careen, dari ni siling bodi? Ina madoa?

Mama Careen: Ndiyo, bati lilivuja, nimeshaziba. Doa la rangi ya chai limebaki.

Dada Upendo: Ukipaka rangi ya maji juu yake, doa linatokeza tena ndani ya siku mbili. Weka kwanza mkono mmoja, yaani paka mara moja, rangi ya mafuta nyeupe isiyong'aa, doa peke yake, ikauke usiku mzima, ndipo dari yote nyeupe ya maji. Dari nyeupe inaongeza mwanga. Kuta weka krimu. Sebule ina ukubwa gani?

Mama Careen: Mita 3 kwa 4.

Fundi Elia: Mzunguko mita 14, kimo tuseme 2.7, ukitoa mlango na dirisha inabaki kama mita za mraba 34. Lita moja inapaka takriban 10 kwa mkono mmoja, kwa mikono miwili unahitaji lita 7. Nunua makopo mawili ya lita 4. Yamimine yote kwenye ndoo moja uchanganye, maana kopo na kopo zinaweza kupishana kidogo na mstari utaonekana katikati ya ukuta. Ukuta kwanza pangusa kwa kiganja: kikitoka cheupe, chokaa ya zamani bado ipo. Sugua, weka praima, ile rangi ya msingi. Ukipaka juu ya chokaa, rangi inakaa juu ya unga.

Mzee Lema: Rangi ya zamani ya mafuta msiipige msasa mkavu. Inaweza kuwa na madini ya risasi, vumbi lake ni sumu kwa watoto. Lowesha msasa.

Dada Upendo: Pazia: fito isikae juu ya kioo tu, ipandishe sentimita 15 hadi 20 na itokeze 20 kila upande, kioo chote kinabaki wazi mchana. Upana wa kitambaa uwe mara mbili ya dirisha, ushuke mpaka karibu na sakafu. Pazia za mtumba za soko la Kiboriloni zinakuwa nzito na nzuri, angalia tu kama rangi imefifia kwenye mikunjo.

Mama Careen: Na nondo?

Fundi Elia: Brashi ya waya, kisha msasa namba 80. Simama sana kwenye maungio ya welding, kutu huanzia hapo. Futa kwa kitambaa chenye tapentaini, na siku hiyohiyo piga redi oksaidi, rangi ya kuzuia kutu. Ukiilaza usiku, umande unairudishia kutu. Halafu rangi ya mafuta mikono miwili myembamba. Mkono mzito unachuruzika.

Baba Junior: Na saa za kupaka nje?

Fundi Elia: Anza umande ukishakauka, saa 3 hivi. Fuata kivuli: asubuhi upande wa magharibi, alasiri upande wa mashariki. Ukuta ukiwa wa moto rangi inakauka kabla hujaisawazisha, mistari ya brashi inabaki. Saa 10 jioni acha.

Mama Careen: Mbele ya geti hakuna kitu, pako wazi tu.

Mzee Lema: Panda masale, ile mimea ya majani marefu ya kuwekea ua. Kwetu hayo hayanunuliwi, unaomba. Kata vipande vya sentimita 40, chomeka theluthi moja ardhini vuli ikianza, kimoja na kingine sentimita 30. Mbali na ukuta angalau nusu mita, majani yakiugusa hautakauka. Kwangu yapo ya kutosha, tuma kijana na panga.

Mama Careen: Asante mzee. Kesho naanza na udongo wa nyuma. Fundi Elia, Jumamosi njoo ugonge plasta.

Fundi Elia: Nitakuwepo saa 2. Usinunue simenti mpaka nipime.