Tupeane uzoefu: magugu vamizi, nyuki, na bustani zetu masika haya

Mama Ngwara, Usa River

Wadau, habari za mvua. Mimi ni mama wa bustani tu, sikusomea mimea. Kikundi chetu, wanawake wengi na wanaume wanne, tunalima kiwanja cha pamoja hapa Usa River, Arusha. Naanzisha uzi huu kwa sababu ya jambo lililotuumiza misimu miwili mfululizo, na ningependa kusikia kwenu liko vipi.

Mwaka juzi kabla ya masika tulimwagiwa lori la mchanga wa kujengea banda la majembe. Mvua za kwanza tu, pale pale penye mchanga pakaota mmea laini, majani kama ya karoti, vimaua vyeupe vidogo vidogo. Tuliuona mzuri. Watoto wakauchuma wakapamba nao meza siku ya Jumapili. Haikupita miezi miwili ukawa umeingia kwenye mchicha, umepanda tuta la maboga, umefika mpaka kwenye mfereji. Jirani mmoja anayefuga ndiye aliyetushtua: hilo ni gugu karoti. Ng'ombe wake alikuwa ameshalila huko barabarani, maziwa yakawa machungu hata ndama akayakataa.

Tukaitana Jumamosi, tukaling'oa lote kwa mikono mitupu. Usiku ule wanne wetu tuliwashwa shingoni na mikononi mpaka ngozi ikachubuka, na mwenzetu mwenye pumu alilala hospitali. Hatukujua kwamba gugu lile lina sumu inayochoma ngozi, na kwamba chavua yake inabana kifua. Hatukujua pia kwamba shina moja linaweza kutoa mbegu hadi 25,000, na huanza kuchanua wiki nne hadi sita tu baada ya kuota. Tulipoling'oa lilikuwa limeshapukutisha.

Lakini kilichonifanya niandike ni kilichofuata. Kwa hasira tulisafisha kila kitu. Kishona nguo nje, giligilani zilizokuwa zimechanua nje, mrehani wa pembeni nje. Ardhi ikabaki nyekundu, imefagiwa kama uwanja wa nyumba ya sherehe. Vuli ikanyesha, gugu karoti likarudi maradufu, maana lilikuta kiwanja kizima ni chake. Na maboga yetu? Yalichanua vizuri kabisa, vitoto vikatoka saizi ya ndimu, vikageuka njano, vikadondoka. Tukasema ni mbolea, tukaongeza samadi. Bure.

Afisa ugani alikuja saa moja asubuhi, akasimama kwenye tuta bila kusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Mnasikia nini?" Hatukusikia kitu. Akasema ndiyo hiyo shida. Ua la kike la boga hufunguka alfajiri na kujifunga kabla ya adhuhuri, asipopita nyuki asubuhi ile na chavua kutoka ua la kiume, basi tena.

Mwaka huu tumefanya tofauti, nitawaeleza mwisho yamefika wapi. Karibuni, kila mtu na lake.

Mjukuu wa Marigat

Asante mama kwa kufungua hii. Kwetu Baringo adui ni mti unaoitwa mathenge, na mimi nimezaliwa nikaukuta.

Nyanya yangu husimulia vile ulivyoletwa miaka ya 1980 mwanzoni, kuni zilikuwa zimeisha na vumbi lilikuwa linakula watu. Mti unaota penye hakuna kitu kingine, unabaki kijani kiangazi chote. Watu walipiga makofi. Halafu mbuzi wakaanza kula maganda yake, ni matamu kama sukari, wakawa wanaeneza mbegu na mavi yao kila penye wanapita. Miba yake inatoboa hata gurudumu la trekta. Maganda yenyewe yakaoza meno ya mbuzi. Wengine wenu mtakumbuka ile kesi ya 2006, watu wetu wa Ilchamus walimpeleka mbuzi asiye na meno mpaka mahakamani ili aonekane. Si hadithi ya kutungwa. Mbuzi bila meno hapa ni karo ya shule imekufa.

Sasa nisikilizeni kwa hili lingine. Mimi nafuga nyuki. Asali yangu nyingi inatoka kwa maua ya mathenge. Mwaka tulipoamua na vijana wenzangu kusafisha ukingo wa shamba, tulikata wote kwa wiki moja. Nyuki wakahama mizinga minane kati ya kumi na miwili. Nilikaa chini ya mti nikaangalia mizinga mitupu, na sikuwa na mtu wa kulaumu.

Tangu hapo tunakata kwa vipande. Mwaka huu upande wa mto, mwaka ujao upande wa barabara, na kila tulipokata tunalinda miche ya mgunga inayochipuka yenyewe kwa kuizungushia matawi ya miba ya mathenge ule ule. Ukikata juu tu kisiki kinachipua matawi kumi, lazima ufukue ukate chini ya udongo. Maganda tunaokota, tunasaga unga wa kulisha mifugo, kwa maana mbegu ikisagwa haioti. Nyuki wamerudi, si wote.

Dada wa Kahama

Swali kwa wote: gugu likishang'olewa naweza kulitia kwenye mboji? Nina shimo langu zuri nyuma ya nyumba.

Mama Ngwara, Usa River

Dada yangu, kama halijachanua sawa, litaoza. Likishatoa maua usilitie. Mboji yetu sisi haipati joto la kutosha kuua mbegu zote, utakuwa unazisambaza kwa toroli. Letu tunalikausha juu ya turubai tunalichoma, tukiwa tumekaa upande upepo unakotoka. Na uvae glavu na mikono mirefu, nakuomba sana.

Bin Nyakach

Gugu maji vilevile. Sisi wa Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, tumeishi nalo tangu lilipoonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Ua lake zambarau linavutia, mtu asiyelijua anaweza kulipanda kwenye bwawa lake la nyumbani. Kuna mwaka baba yangu alikaa siku nane bila kutoa mtumbwi. Miaka ya 1990 waliletwa wale fukusi wanaolila, likapungua sana, halafu linarudi maji yakipata uchafu wenye rutuba kutoka mashambani na mijini. Shamba la sukuma wiki la kikundi chetu tunalitandazia lililokauka kabisa. Nasisitiza kabisa. Kipande kibichi kikirudi kwenye maji kinakuwa familia.

Mzee wa Machame

Watoto wangu, hamjambo. Nimesoma yote.

Naomba mtu asije akatoka hapa akaanza kung'oa kila kitu kilichotoka mbali. Mahindi yalikuja na meli, maharage pia. Ndizi za kihamba changu, shamba langu la nyumbani, asili yake ni Asia. Mgeni na mvamizi ni watu wawili. Mvamizi utamjua kwa tabia: hangoji umpande, hana anayemla akampunguza, na anapoingia wengine wanatoka.

Baba yangu alipanda lantana kuwa uzio. Maua ya rangi rangi, vipepeo wamejaa, kila mpita njia anasifia. Ndege wakala vile vitunda vyeusi wakavipeleka korongoni. Leo lile korongo nililokuwa nachungia mbuzi nikiwa mtoto mtu hawezi kupita. Ndama wangu mmoja alikula majani yake, ngozi ikawa inababuka akikaa juani mpaka akafa. Kwa hiyo msidanganywe na vipepeo. Kipepeo anafuata nekta tu, hana habari na shamba lako.

Uzio ule nilimaliza kuung'oa nikiwa na miaka sitini na nne. Nimepanda masale mahali pake.

Fundi wa Turiani

Shikamoo mzee wangu. Umenikumbusha langu, ingawa halihusu gugu.

Nina pasheni nyuma ya karakana. Kwenye mapaa ya karakana walikuwapo wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao, kila siku unga wa mbao unanimwagikia kichwani. Mimi ni seremala, mbao ndiyo maisha yangu. Nikaziba matundu yote kwa gundi na vumbi la msumeno. Msimu uliofuata mpasheni ulichanua kama harusi na sikupata hata ndoo moja ya matunda. Nikaambiwa ua la pasheni ni kubwa, nyuki wa asali anaiba chavua akiwa chini bila kugusa panapotakiwa. Yule mweusi mkubwa ndiye mgongo wake unafika. Hata biringanya na nyanya anazisaidia, analitikisa ua kwa mngurumo wake chavua ikadondoka, kitu ambacho nyuki wa asali hawezi.

Niliumia kweli, kwa sababu nilikuwa nimewazika humo ndani. Sasa nimetundika magogo makavu ya mti laini chini ya paa, mbali na mbao zangu za kazi. Mwaka wa pili wakaja. Natoboa mwenyewe tundu la kuwaonyesha njia.

Mama wa Uvira, sasa Ohio

Nasalimia wote, wazee kwa vijana. Mimi ni mtu wa Uvira, Kongo, niko Marekani mwaka wa sita. Wakati wa masika yenu, sisi huku ndiyo tunatoka kwenye baridi. Mwezi wa nne jua linakudanganya, unatamani kupanda, lakini barafu ya usiku inaweza kurudi mpaka katikati ya mwezi wa tano. Mwaka wa kwanza nilipanda mapema, nikapoteza kila kitu usiku mmoja.

Tunalima bustani ya mtaa, kila familia na kipande chake. Nilipata mbegu za lengalenga, ule mchicha wetu, kwa rafiki, nikapanda, ikatoka vizuri. Mwezi wa sita nafika, nakuta imeng'olewa yote, imelazwa njiani imenyauka. Machoni pao lengalenga ni gugu. Nilikaa chini nikalia, si kwa mboga, ni kwa uchovu wa kuwa mgeni. Mama mzungu mzee anayesimamia bustani alipojua alikuja nyumbani kuomba radhi. Nikapika ile ya rafiki yangu na mawese, akala, akaomba tena.

Halafu yeye akanionyesha kosa langu. Kuna mmea pale pembeni, ukivunja shina unatoa utomvu mweupe, mimi nilikuwa naung'oa kila wiki. Kumbe viwavi wa kipepeo wao wa rangi ya chungwa, monaki, hawana chakula kingine duniani isipokuwa mimea ya jamii ile. Na wale wanaozaliwa mwisho wa kiangazi huruka mpaka Meksiko. Aliniambia bila ukali. Tangu siku hiyo namwachia kipepeo kona yake, na yeye ameniandikia kibao: Lengalenga, usiguse.

Gugu lao la kweli nimelijua sasa. Lina maua meupe ya petali nne, ukisugua jani linanuka kitunguu saumu. Lilitoka Ulaya, watu walilileta walile. Linaishi miaka miwili na linafunika chini ya miti yote. Mwezi wa nne tunaenda pamoja kuling'oa kabla halijatoa mbegu, tunalitia kwenye mifuko ya plastiki na kufunga, kwa maana hata likishang'olewa mbegu zinaendelea kukomaa. Kuna pia mti wa peasi wa mapambo unaochanua mweupe wote kabla ya majani. Ulipandwa kila mtaa, ukakimbilia porini, na tangu 2023 kuuuza Ohio ni marufuku.

Na maboga, mama wa Usa River! Huku kuna nyuki wa maboga peke yake, anachimba nyumba yake chini ya tuta. Ukifungua ua lililojifunga mchana unaweza kumkuta dume amelala ndani. Watoto wangu wanaenda kila mchana kumwangalia, wanalifunga tena polepole. Nimeacha kulima kwa kina pale.

Dada wa Kahama

Jamani dada wa Ohio umenigusa moyo. Mimi nina kundi la nyuki wadogo wasiouma kwenye ukuta wa jiko, mume wangu alitaka kuziba tundu Jumamosi hii. Nimemsomea ya Fundi wa Turiani na hii yako. Amesema ataacha.

Kijana wa Vihiga

Naomba kuongeza alizeti mwitu, ile ya njano kando ya barabara. Asili yake Meksiko. Majani yake ni mbolea nzuri sana, tunayakata mabichi na kuyafukia kabla ya kupanda mahindi. Nyuki wanaipenda. Lakini ukiiacha itoe mbegu inakula shamba. Sisi tunaikata mara tatu kwa mwaka na haivuki mpaka wa uzio. Mwaka ule niliougua nikaiacha, ilinichukua misimu miwili kuirudisha mahali pake.

Mama Ngwara, Usa River

Nimerudi kama nilivyoahidi. Asanteni nyote, na mzee wa Machame, shikamoo, nimekusikia.

Tulichofanya mwaka huu ni hiki. Kila tunapong'oa gugu karoti tunapanda siku hiyo hiyo, hatuachi udongo ulale uchi hata usiku mmoja. Tumeweka ngwara, ndiyo nyinyi wengine mnaiita fiwi. Inatambaa, inafunika, inachanua zambarau, na mboga na maharage tunakula. Pembezoni tumerudisha mrehani, na giligilani tunaziacha nyingine zichanue. Dawa ikibidi tunapuliza jioni nyuki wakishalala. Na lori la mchanga haliingii tena bila kuuliza umechotwa wapi.

Jumamosi nilifika saa kumi na mbili na nusu, umande bado. Nyuki wa tuta la maboga sikuhitaji kuinama kuwatafuta, mvumo wao niliusikia nikiwa getini. Gugu karoti tuling'oa mashina arobaini na moja, yote yakiwa hayajachanua. Mwaka jana siku kama hiyo tuliacha kuhesabu. Na maboga yaliyoshika mpaka sasa, mama mwenye pumu ndiye aliyepita na kalamu akayahesabu: sitini na tatu, bila yale mawili yaliyofichwa na ngwara.