Jan Koum aliiuza WhatsApp, au alituuza sisi? Tujadili

Wakuu, salaam.

WhatsApp tunayochangishia misiba, tunayoendeshea vikoba na kuwasalimia ndugu walioko Muscat na Minneapolis, mwanzilishi wake ni mhamiaji. Jan Koum alizaliwa Kyiv mwaka 1976, enzi za Umoja wa Kisovieti. Mwaka 1992, akiwa na miaka 16, alihamia Mountain View, California, pamoja na mama na bibi yake. Baba alibaki Ukraine. Mama alibeba kalamu na rundo la madaftari ya huko nyumbani ili mtoto asikwame shuleni ugenini. Alifanya kazi ya kulea watoto wa watu, kijana akafagia duka, na chakula wakakipata kwa kuponi za serikali. Baadaye Koum akaajiriwa Yahoo. Aliondoka 2007 pamoja na mwenzake Brian Acton, aliyekuja kuwa mwanzilishi mwenza wa WhatsApp, na wote wawili waliomba kazi Facebook wakanyimwa.

Februari 2009 akaisajili WhatsApp. Februari 2014 Facebook ikatangaza kuinunua kwa dola bilioni 19, na Koum akatia saini akiwa mlangoni pa jengo lililokuwa ofisi ya ustawi wa jamii, pale pale alipokuwa akipanga foleni ya kuponi.

Wanaomsifu huishia hapo. Mimi naanzia hapo.

Huyu mtu alisema hadharani kwamba alikulia katika nchi ambako watu walisikilizwa na kufuatiliwa kwa kila walichofanya, na kwamba hakutaka huduma yake ijue mambo ya watu. Mezani kwake alibandika kikaratasi alichoandikiwa na Acton: hakuna matangazo, hakuna michezo, hakuna mbwembwe. Halafu akaiuza kwa kampuni inayoishi kwa matangazo. Machi 2014 akaandika kuwa kama ushirikiano huo ungewalazimisha kubadili misimamo yao, wasingeukubali. Agosti 2016 masharti yakabadilika, namba za watumiaji zikaanza kwenda Facebook. Mei 2017 Tume ya Ulaya ikaitoza Facebook faini ya euro milioni 110: ilipoomba kibali cha ununuzi ilidai haiwezi kuoanisha akaunti za WhatsApp na za Facebook kwa uhakika, kumbe wafanyakazi wake walijua tangu 2014 kuwa inawezekana.

Msimamo wangu ni kwamba ahadi ilivunjika siku ile ya saini. Ukishamkabidhi mwingine uamuzi, huna tena cha kuahidi. Karibuni.

Mchangiaji, Mwanza

Mkuu, unamwonea. WhatsApp wakati inauzwa ilikuwa na wafanyakazi 55 wakihudumia watu zaidi ya milioni 400. Chanzo cha mapato kilikuwa ada ya dola moja kwa mwaka, nayo kwa kadi ya benki. Nani huku kwetu alikuwa anailipa? Ada ilifutwa Januari 2016, na hela ya Facebook ndiyo iliyowezesha. Aprili mwaka huo huo meseji na simu zote zikafumbwa, hata kampuni yenyewe isiweze kuzisoma. Hilo Koum alilisimamia akiwa ndani ya Facebook. Mtu aliyewauza watu wake angehangaika na kazi hiyo ya nini?

Mchangiaji, Nairobi

Ndugu mleta mada, na mimi nina swali. Acton ni Mmarekani wa kuzaliwa na aliuza pia. Mbona kichwa cha mada kina jina la mhamiaji peke yake? Naiona tabia hii kila mahali: mwenyeji akitajirika ni mjanja wa biashara, mgeni akitajirika anadaiwa uaminifu. Kijana aliyekula kwa kuponi aambiwe akatae bilioni kwa ajili yetu sisi tusiomlipa hata senti?

Mchangiaji, Kampala

Hapa Uganda, Julai 2018 tulianza kutozwa shilingi 200 kwa siku ili kutumia WhatsApp na mitandao mingine. Mwaka 2021 ikaondolewa, badala yake ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye bando. Aliyetuumiza ni serikali. Koum alitupunguzia gharama.

Mleta mada

Dada wa Nairobi, hoja yako naipokea: lawama ni ya wawili. Ila namdai Koum zaidi kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeutumia utoto wake kama dhamana ya ahadi, tukamwamini kwa hilo.

Mkuu wa Mwanza, kufumba meseji ni kazi kubwa na naiheshimu. Lakini inafunika maneno tu. Nani kawasiliana na nani, saa ngapi, yuko grupu gani, hayo yako nje. Tena ukiiruhusu isome namba zilizo kwenye simu yako, inachukua hata ya shangazi yako wa kijijini mwenye kitochi, ambaye hajawahi kuulizwa kitu. Namba za watu wa aina hiyo zilikuwa sehemu ya kesi ambayo Ireland iliitoza WhatsApp faini ya euro milioni 225 mwaka 2021.

Na njia nyingine ilikuwepo. Acton aliondoka 2017 akiacha hisa za takriban dola milioni 850, na 2018 akatoa milioni 50 kuanzisha taasisi isiyotafuta faida ya Signal, programu ya meseji kama WhatsApp. Teknolojia inayofumba meseji za WhatsApp ndiyo hiyo hiyo ya Signal. Koum naye akatangaza kuondoka Aprili 2018. Juni 2025 yakatangazwa matangazo kwenye ukurasa wa status.

Ndugu wa Kampala, kodi ile mliipinga hadi barabarani, mkijua mnamdai nani. Masharti ya 2016 tungeyapeleka wapi? Kenya na Uganda zina sheria za kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Mwanasheria yeyote aliyemo humu atueleze: namba ya shangazi ikichukuliwa leo bila ridhaa yake, anaanzia ofisi gani?